Njia ya Dagaa

Mbesa haina ziwa, na bahari iko mbali nayo. Ni kijiji cha kusini mwa Tunduru, upande wa kuelekea mto Ruvuma na Msumbiji, nchi ya mikorosho, mpunga na muhogo, na wageni wengi wanaifahamu kwa sababu ya hospitali yake ya misheni. Hata hivyo, nenda sokoni utawakuta dagaa. Wamelazwa kwenye turubai, wembamba, rangi ya fedha iliyofifia, na muuzaji anapima kwa kopo, anasawazisha juu kwa kiganja, kisha anatia nyongeza kidogo ili kesho urudi kwake. Ukimwuliza wametoka wapi anajibu neno moja: "Nyasa." Asipolitaja yeye, mteja ataliuliza.

Kati ya kopo hilo na maji walikovuliwa kuna mkoa mzima. Kutoka Tunduru hadi Songea ni zaidi ya kilomita 250, kupitia Namtumbo. Kutoka Songea hadi Mbinga ni kama 100 nyingine. Halafu kuna mteremko wa kilomita 66 hadi Mbamba Bay. Nimeifuata njia hiyo kinyumenyume, kutoka kwenye kopo kwenda kwenye wavu. Wasafiri wengi huanzia ufukweni, wakala samaki, wakasifu, wakaondoka. Mimi nadhani samaki huwezi kumjua vizuri mpaka uhesabu saa zake kurudi nyuma: aliuzwa lini, alipakiwa lini, alikaushwa lini, alitoka majini lini, na mwisho kabisa, alizaliwa wapi.

Kwa watu wa Mbesa, kulitaja ziwa si kutaja nchi ya ugenini. Wayao wa Tunduru wana ndugu Msumbiji na Malawi, na katika karne ya 19 njia za misafara kutoka Nyasa kwenda Kilwa zilikatiza nchi za Wayao, zikibeba pembe za ndovu na, kwa uchungu mkubwa zaidi, watu waliofungwa. Mwaka 1866 David Livingstone alipanda kwa upande wa Ruvuma akitokea Mikindani, akapita katika mji wa chifu Mataka, akafika ziwani mwezi Agosti. Padri Yohanna Abdallah, mwenyewe Myao, aliandika kwa Chiyao historia ya watu wake, kitabu kilichochapishwa 1919, na safari za kwenda pwani zimejaa humo. Leo mzigo ni viroba vya dagaa juu ya basi, lakini uelekeo ni uleule: kutoka ziwani kwenda mashariki.

Songea samaki wa Nyasa anapatikana kwa sura tatu: mkavu, aliyebanikwa, na wa barafu. Huyo wa barafu ndiye mgeni. Kabla ya lami kufika Mbamba Bay, gari la kutoka ziwani wakati wa masika liliweza kulala njiani, na hakuna barafu inayovumilia usiku wa namna hiyo ndani ya boksi. Kilichopanda mlima kilikuwa kikavu, maana kikavu ndicho pekee kilichokuwa na subira. Sasa samaki aitwaye magege, akitolewa majini alfajiri, anaweza kuwa jikoni Songea siku hiyohiyo. Ni jambo jema kwa Songea. Kwa watu wa ufukweni ni jema pia, ila lina upande wa pili nitakaoueleza.

Mbinga ni ya kahawa na ya ngoro, yale mashimo ya kilimo ambayo Wamatengo wameyachimba kwenye miteremko kwa vizazi vingi ili mvua isiondoke na udongo. Hewa ni ya baridi. Watu wamevaa makoti. Kisha barabara inaanza kuteremka, kona baada ya kona, masikio yanaziba, koti linavuliwa, miembe inaongezeka, na ghafla upande wa kulia au wa kushoto, kutegemea na kona, kunatokea anga ya pili iliyolala chini. Hiyo ndiyo Nyasa. Uso wake uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Urefu wake ni karibu kilomita 580. Na kina chake kinapita mita 700, maana yake sakafu ya ziwa hili iko chini kuliko bahari yenyewe.

Nataka kukaa kidogo kwenye kina hicho, kwa sababu ladha ya samaki inaanzia huko. Maji ya Nyasa hayachanganyiki yote. Tabaka la juu, kama mita 200, lina hewa na ndimo samaki wanamoishi. Chini ya hapo hakuna oksijeni. Hakuna samaki anayeweza kukaa. Lakini huko chini ndiko mbolea ya ziwa inakozama na kulala. Kuanzia Mei hadi Agosti hivi unavuma mwera, upepo wa kusini, kwa siku kadhaa bila kupumzika. Unasukuma maji ya juu, maji ya chini yanavutwa kupanda, na mbolea inapanda nayo. Mimea midogo isiyoonekana kwa macho inastawi, vidudu vya majini vinaila, na dagaa wanavila vidudu hivyo. Upepo uleule unaomzuia mvuvi asiingie ziwani ndio unaomtayarishia mavuno.

Wakati mwingine vidudu hivyo vinaonekana hata kwa mtu aliye nchi kavu. Mabuu ya aina fulani ya mbu asiyeuma hushinda kwenye kina mchana na kupanda usiku. Yakikomaa yanaruka kwa wingi, na kwa mbali utadhani ziwa linaungua, moshi mweusi umesimama wima juu ya maji. Livingstone aliuona moshi huo aliposafiri Nyasa mwaka 1861, akaeleza jinsi wenyeji walivyowakusanya wadudu hao, wakawapika na kuwafanya mikate waliyoiita kungu. Alionjeshwa, akakubali kwamba ni chakula. Asiyekula kungu hula dagaa, na dagaa amekula mabuu yaleyale.

Dagaa wa Nyasa huitwa usipa, na hapatikani katika ziwa lingine lolote. Si peke yake: samaki wa Nyasa wanahesabiwa kwa mamia ya aina, na wengi wao hawako kwingine duniani. Usipa huishi kama mwaka mmoja tu. Ndiyo maana kuna mwaka wa neema ambapo kila kichanja ufukweni kimejaa, na kuna mwaka ambapo taa zinawaka usiku kucha na kinachorudi ni ndoo chache. Wavuvi hawalalamiki sana juu ya hili. Wanasema mwaka huu hawakuzaliwa, basi.

Liuli iko kaskazini mwa Mbamba Bay, kijiji cha misheni ya Kianglikana, chenye kanisa, hospitali na ghuba iliyokingwa na mawe makubwa. Wajerumani waliliona jiwe mojawapo linafanana na sanamu ya simba wa Misri mwenye kichwa cha mtu, wakapaita Sphinxhafen. Hapo ndipo vita vya kwanza vya dunia vilipoingia ziwani: mwezi Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilitokea Nyasaland ikaishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani hakuwa amepata habari kwamba kuna vita, na aliyempiga alikuwa rafiki yake wa kunywa naye. Habari hiyo imeandikwa sana huko Ulaya. Ufukweni Liuli, ukikaa na watu asubuhi, utasikia zaidi habari za bei ya mafuta ya mashine na za mwezi.

Mwezi ndio kalenda ya usipa. Uvuvi wake ni wa giza: taa zinawashwa juu ya maji, vidudu vinaifuata taa, usipa wanafuata vidudu, na wavu unawazunguka. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa ziwa zima na taa ya mvuvi haina maana tena. Siku hizo za mbalamwezi nyavu hutandazwa mchangani na kutiwa viraka, na vijana hulala usiku kama watu wengine. Mgeni anayetaka dagaa wabichi aangalie mwezi kabla ya kukata tiketi. Zamani taa zilikuwa karabai. Sasa nyingi ni za betri na za sola, na ukisimama juu ya jiwe usiku wa giza utaona mstari wa mianga mbali sana, hadi upande ambao ni wa Malawi.

Nikiugusa mpaka huo, niuguse kwa ufupi. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 ulipitisha mstari ukingoni, upande wetu wa ufukwe. Tangu 1967 Tanzania imeshikilia kwamba mpaka ni katikati ya maji, Malawi haikubali, na mwaka 2012 maneno yakawa makali upya. Kwa mtu wa Liuli, ambaye anakunywa, anaoga na anavua katika maji hayo, hoja ya kwamba ziwa si lake hata hatua moja kutoka mlangoni haiingii akilini, na mimi namwelewa.

Mitumbwi hurudi kabla jua halijachomoza. Kuanzia hapo saa zinahesabika, na hesabu yake ni kali. Usipa ana tumbo laini lililojaa chakula. Asipopozwa wala kuanikwa, tumbo hupasuka baada ya saa chache, na samaki aliyepasuka bei yake imeanguka kabla hajafika kwenye mizani. Barafu vijijini ni haba. Kwa hiyo kasi ya mikono ndiyo barafu yao. Wanawake wanasubiri majini hadi magotini, ndoo kichwani, na bei inapangwa pale pale mtumbwi ukiwa bado unaelea. Hakuna anayepiga kelele. Ndoo inaonyeshwa, kichwa kinatikiswa, ndoo inamiminwa.

Nilisimama na mama mmoja kwenye kichanja chake, meza ndefu ya miti iliyotandikwa wavu mkuukuu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kununua au kutazama?"

Nilipojibu kwamba nimekuja kwa yote mawili aliniambia ninawe mikono. Kazi yenyewe ni hii: usipa wanaoshwa kwa maji ya ziwa, wanatikiswa, kisha wanamwagwa juu ya kichanja na kutandazwa kwa vidole mpaka hakuna aliyemlalia mwenzake. Hapo ndipo ustadi ulipo. Wakilundikana, wa juu hukauka na wa chini huoza, na mnunuzi wa Songea huingiza mkono hadi chini kabla hajatoa fedha. Alinionyesha mmoja: jicho jeusi linalong'aa, mgongo una rangi ya kijani ukimgeuza kwenye jua, tumbo jeupe na gumu. Akamminya kidogo kwa kidole gumba, nyama ikarudi mahali pake. Kisha akanionyesha mwingine wa usiku uleule aliyekaa chini ya ndoo muda mrefu. Kidole kilipoondoka, alama ilibaki. Yule wa pili hakumtupa. Alimweka kwenye bakuli la mboga ya nyumbani.

Wapo wanaoanika mchangani, na dagaa wao utawajua kwa meno, mchanga unasaga. Kichanja kinataka miti, wavu na nguvu za kukisimamisha, lakini dagaa wake wanakauka juu na chini, na wanauzwa kwa bei bora. Siku moja ya jua kali yatosha. Masika ndiyo mtihani: mvua ikinyesha asubuhi, mzigo wa usiku mzima uko hatarini, na hapo huwashwa moto wa kubanika au hukaangwa wanaowezekana. Yule muuzaji wa Mbesa anayesawazisha kopo kwa kiganja anauza, zaidi ya samaki, jua la siku moja la Liuli na haraka ya mama huyu.

Na mlo? Nitasema bila kusita: samaki wa Nyasa aliwe chukuchuku. Chungu au sufuria, maji kidogo, chumvi, nyanya, kitunguu, pilipili nzima isiyopasuliwa, na magege aliyekatwa mara mbili. Mafuta yanaficha mambo mengi. Samaki wa juzi akikaangwa sawasawa anaweza kumdanganya hata mjuzi. Kwenye chukuchuku hana pa kujificha. Mchuzi unakuwa mweupe kiasi, na nyama inaachia mfupa bila kubishana. Ugali wa ufukwe huu ni wa muhogo, mweupe, unaovutika, na sijui chakula kingine kinachopokea mchuzi ule vizuri hivyo. Anayepikiwa na wenyeji atapewa kichwa. Akipokee, maana ndiko kuliko na nyama tamu ya shavuni.

Magege na jamaa zake wanastahili heshima kwa jambo jingine. Wengi wao dume hujenga kiota mchangani, duara pana lenye ukingo ulioinuliwa, akibeba mchanga kwa mdomo. Jike hutaga hapo, kisha huyaweka mayai mdomoni mwake na kuyatunza humo mpaka yaanguliwe. Kokoro, ule wavu mrefu unaokokotwa hadi ufukweni, hupita juu ya viota hivyo na kulaza kila kitu, na hubeba hata jike mwenye watoto mdomoni. Limepigwa marufuku, kama ilivyopigwa marufuku kuvulia chandarua cha mbu. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo watu huviita BMU, ndivyo vinavyopaswa kulikamata ufukweni. Nimeona ugumu wa kazi hiyo: unayemkamata ni mtoto wa shangazi yako, na mtakutana msibani wiki ijayo.

Ziwa lenyewe nalo haliwahurumii watu. Askofu Chauncy Maples, wa misheni ile ile iliyojenga Liuli, alizama humo mwaka 1895 mashua yake ilipopigwa na dhoruba usiku. Misheni ikaipa meli yake mpya jina la askofu huyo. Leo MV Mbeya II, iliyoanza safari 2021, hubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo kati ya bandari za ziwa, na ni salama kuliko mtumbwi, lakini wavuvi hawavui kwa meli. Mwera ukianza, wenye akili huvuta mitumbwi juu hadi kwenye miti.

Narudi kwenye upande wa pili wa lami. Zamani samaki mkubwa alipokosa njia ya kutoka, aliliwa kijijini. Sasa mnunuzi mwenye boksi la barafu anasubiri ufukweni alfajiri, na fedha yake ni taslimu. Mzazi mwenye ada ya shule ya kulipa atamuuzia, na atafanya vizuri. Ila kwenye sufuria nyingi magege amekuwa mgeni, na usipa ndiye anayekaa na watu. Anayeumia zaidi na biashara hii ni samaki mmoja ambaye nimemwacha makusudi hadi hapa.

Ni mbasa. Ni samaki mrefu wa rangi ya fedha, mwindaji wa usipa, ambaye mkubwa wake huweza kufika kilo kadhaa. Nyama yake ina mafuta na vimiba vyembamba vingi; analiwa polepole, kwa vidole, na mazungumzo hupungua. Kwa watu wengi wa Nyasa hakuna samaki anayemzidi, na nakubaliana nao. Lakini mbasa hazaliani ziwani. Mvua zikianza na mito ikijaa, huacha maji makubwa na kupanda mtoni hadi kwenye changarawe safi yenye maji ya kasi, huko hutaga, kisha hurudi.

Kwa upande wetu mto wake mkuu ni Ruhuhu, unaoteremka kutoka nyanda za Njombe na kuingia ziwani kati ya Manda, wilaya ya Ludewa, na Lituhi, wilaya ya Nyasa. Nilikwenda Lituhi baada ya Liuli, kwa sababu huko ndiko njia hii inakokwisha, au tuseme inakoanzia. Mdomo wa mto ni mpana, maji yake ya kahawia yanaingia kwenye bluu na mstari kati yao unaonekana wazi. Mbasa anayetaka kupanda Ruhuhu hana mlango mwingine. Mtu akitega nyavu kutoka ukingo hadi ukingo wakati huo, anavua samaki waliobeba mayai wote kwa pamoja, na mavuno ya wiki moja yanakuwa makubwa kuliko ya miezi. Huo ndio ubaya wake. Mashamba yakilimwa hadi ukingoni, udongo unaingia mtoni na kuifunika changarawe, na yai lililofunikwa na tope halipati hewa. Wazee wa Lituhi wanasimulia mbasa waliojaa mtoni kiasi cha kusikika usiku. Leo samaki huyu yuko kwenye orodha ya dunia ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka.

Wamatengo kule juu walijua kuuzuia udongo usiondoke mlimani, na kila tone lisilobeba tope kuingia mtoni linamsaidia samaki ambaye mkulima huyo hatamwona. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2003 ipo. Kinachokosekana ni makubaliano yanayoshikwa na pande zote mbili za mto, kwamba kwenye miezi ya mvua mdomo wa Ruhuhu unaachwa wazi, Manda na Lituhi kwa siku zilezile, na wanunuzi wa barafu wanapewa habari hiyo mapema. Upande mmoja ukifunga na wa pili ukavua, aliyefunga atajiona mjinga, na mwaka unaofuata hatafunga.

Msafiri naye ana sehemu yake, ndogo lakini ya kweli, kwa sababu anayekuja na hamu ya samaki mbichi ndiye anayepandisha bei ya mbasa. Aje msimu wa kutaga ukiisha na mwera ukitulia, ale mbasa wa ziwani aliyekwisha kutaga na kurudi. Aje wakati wa giza, ale usipa wa alfajiri. Mvua zikiwa zimeanza, mimi Lituhi naagiza magege au kambale. Mbasa mwenye mayai akiletwa mezani, hata akiwa wa bei nafuu, namshukuru mpishi na kumwomba kitu kingine, na nikiulizwa sababu naieleza kwa sauti, wanunuzi wengine wakiwa wanasikia.